Kuhama Kutoka kwa Mzee Sumari

Jumatatu, 4 Machi 1912

Nimenunua nyumba. Nimeandika maneno hayo, nikayasoma tena. Nyumba! Iko ng'ambo ya mto Themi. Ni ya Yoeli seremala, ina vyumba vitatu, na mlango wake ameuchonga mwenyewe kwa mti wa mringaringa. Ukiufunga haulii. Nimeufunga na kuufungua mpaka mkewe, Maria, akaniuliza kama nitauachia bawaba zake.

Ng'ombe wa bei niliokubaliana na Yoeli wameshaingia zizini kwake. Kilichobaki ni kukabidhiwa nyumba mbele ya wazee wa kanisa. Yoeli amepata kazi Moshi, kwenye stesheni ya reli, na Jumamosi gari la ng'ombe la Kaburu mmoja litakuja kumchukulia vyombo. Yeye atoke asubuhi, sisi tuingie asubuhi hiyo hiyo. Mimi ni fundi cherehani. Najua kukata kitambaa kisibaki kipande.

Ndeshi, mke wangu, mwenye mimba yetu ya kwanza na mwezi wake umefika, ameshauri nisimuage mwenye nyumba wetu mpaka gari lionekane kwa macho. Nimemjibu kwamba mtu mwenye nyumba yake hangojei ng'ombe wa Kaburu. Akasema sawa, akaendelea kuchambua maharage. Mke msikivu sana.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuaga mwenye nyumba wetu, Mzee Sumari. Miaka yote niliyopanga chumba chake hapa karibu na soko, amenikataza kushona jua likizama, amenikataza kuanika nguo, na mbele za watu amesema mpangaji ni kama kupe: anakaa mwilini mwako akidhani ni kwake. Nilitaka kuona uso wake nikimwambia kwamba Jumamosi naondoka.

Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia. Uso wake ukang'aa. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Kabla ya mchana akaja Solomoni, mpishi wa bomani, na ufito wa kupimia mahali pa kitanda. Kumbe alikuwa anakitaka chumba tangu mwaka jana. Alipimia kitanda chake juu ya cherehani langu kana kwamba halipo, akasema hapa patanuka uzi kwa muda lakini atavumilia. Mtu anayenuka vitunguu hivyo!

Jumatano, 6 Machi

Yoeli amesema gari halijatoka Moshi. Mito imejaa huko njiani. Huenda likafika Jumamosi, huenda juma lijalo, huenda hata baadaye. Amesema kwa utulivu, akipiga randa.

Nimempelekea Ndeshi habari hizo. Hakusema lile neno "nilikuambia" ambalo mke yeyote mwingine angelisema. Alianza kukunja nguo za mtoto na kuzifunga vizuri ndani ya ngozi ya mbuzi, zisije zikalowa. Sikuelewa kwa nini. Chumba chetu hakivuji.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa ya Yoeli. Mtu haharakishwi kwa kusukumwa. Anaharakishwa kwa hofu. Nimepita sokoni, nikawaambia watu wawili wasioweza kutunza neno kwamba bwana wa stesheni ya Moshi amechoka kungoja na anatafuta seremala mwingine. Yoeli akisikia, ataondoka hata kwa miguu, na vyombo vitamfuata.

Jioni. Yoeli amesikia. Amekuja mwenyewe hapa chumbani, amekaa mlangoni na kofia mkononi. Amesema kama kazi imekwenda kwa mwingine, yeye hana sababu ya kuhama. Ameniomba radhi kwa unyenyekevu kabisa. Kesho kutwa atanirudishia ng'ombe wangu.

Nilimkaribisha chai. Yeye aliinywa. Alipomaliza nikampa na yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi na mapema nilivuka Themi kwenda kumwambia Yoeli kwamba habari za Moshi ni uongo. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia namjua aliyezieneza, na ni mtu asiyeaminika hata kidogo. Akaniuliza jina lake. Nikakumbuka kwamba nina kazi ya kushona haraka.

Amekubali kuwabakiza ng'ombe mpaka gari lije na neno la kweli. Lakini hafungi vyombo. Maria amekwisha kufungua hata vile vilivyofungwa.

Basi, kama Yoeli hatoki, na sisi tusitoke kwa Sumari. Nimemfuata Solomoni jikoni kwake bomani, nikamwonya kama ndugu: chumba kile kila masika huingia siafu. Mwaka jana walimla kuku akiwa amelalia mayai. Nilimweleza mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujikuna miguu.

Amenishukuru sana. Ataghairi, naona wazi.

Jumamosi, 9 Machi

Solomoni hakughairi. Amekuja kabla hatujanywa uji, akisukuma ndani kitanda chake na toroli lililojaa majivu ya moto. Alisema afadhali amwage majivu leo, kabla mvua haijawaleta siafu. Alishaanza kumwaga kwenye pembe wakati mimi bado natafuta shati.

Mzee Sumari nilimkumbusha kwamba tumekuwa kama baba na mwana. Akasema ndiyo, na mwana aliaga mwenyewe kwa kinywa chake.

Tukawa uani. Cherehani, kitanda, vyungu, mkungu wa ndizi, na mke wangu amekaa juu ya kinu, mkono mmoja kiunoni. Mlima Meru haukuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Likaanguka tone la kwanza, juu ya cherehani. Nilimwambia Ndeshi asihangaike, nina mpango. Nilikuwa nimewaza kwenda kumwambia Sumari kwamba Solomoni ana upele.

Ndeshi akasimama. Akajitwisha mzigo wake wa ngozi ya mbuzi, akasema, "Wewe beba cherehani."

Nikabeba. Tulivuka mto mvua ikitupiga, yeye mbele, akipima kila jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga, na mimi nyuma na chuma kile mgongoni, nikimtazama. Sijawahi kuona mtu akitembea vile. Tumbo lile, mawe yale, na mgongo umenyooka kama wa mtu anayekwenda kanisani.

Hakuniuliza tukifika tuseme nini. Aliingia moja kwa moja kwa Maria, akasimama akitiririka maji.

"Dada Maria, sijaja kukutoa," alisema. "Nimekuja kukaa nawe mpaka gari lifike. Na yale ya seremala mwingine yalisemwa na mume wangu. Hayapo. Kazi ya Moshi ni yenu."

Nilitamani cherehani liniangukie. Yoeli alinitua cherehani. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Elisaria, ungeniomba tu nafasi ya kulala."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja.

Maria amemgawia Ndeshi chumba cha kati. Mimi nimepewa mahali pa kulala kwenye karakana, juu ya maranda ya mbao. Ni laini kuliko kitanda changu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Siku nzima nimeshona. Ndeshi amenitolea mashati ya Yoeli yote yaliyochanika, na nguo za Maria, na pazia, akaniambia hivyo ndivyo mtu anavyoomba radhi akiwa na cherehani. Nimemuuliza kama hakuona haya kusema ukweli mbele za watu. Akasema aliona haya zaidi kukaa juu ya kinu.

Yeye na Maria wanapika chungu kimoja. Wanacheka huko jikoni. Nikiingia wananyamaza, nikitoka wanaanza tena.

Jumanne, 12 Machi

Uchungu ulimshika asubuhi. Mpaka adhuhuri mtoto hakuja. Maria, ambaye amezalisha nusu ya watoto wa upande huu wa mto, alitoka mara moja kuchukua maji, na sikupenda uso wake. Nikamuuliza. Akasema mtoto amekaa vibaya, akarudi ndani, akaufunga mlango.

Mlango ule haupitishi sauti. Ule ule niliousifu. Nilikaa nje yake na Yoeli, sina mpango wowote. Kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Nilitaka kusali, nikasahau hata Baba Yetu inaanzaje; Yoeli akaianza, nikamfuata.

Alasiri Maria akafungua. Jasho linamtoka. Akasema nina binti, na mama yake anauliza kama nimekula.

Nimeingia. Ndeshi amelala, midomo imekauka, na kwenye mkono wake kuna kitu kidogo chekundu chenye hasira. Tumemwita Elirehema. Nilimwambia Ndeshi kwamba kama gari lingefika Jumamosi, Maria angekuwa Moshi leo. Akasema analijua hilo, ameliwaza mchana kutwa. Kisha akalala, bado ameshika kidole changu. Mkono ukafa ganzi. Sikuutoa.

Ijumaa, 15 Machi

Gari limekuja. Ng'ombe wake wamejaa matope mpaka kwenye pembe. Aliyeliendesha ameleta neno kwamba bwana wa stesheni anamngoja Yoeli, na hakuna seremala mwingine. Wazee wa kanisa wakaitwa, tukasimama mbele ya mlango. Yoeli akasema nyumba hii tangu leo si yake. Akatoa ufunguo. Nikanyoosha mkono.

Akampa Ndeshi.

Wazee walikohoa. Mimi sikukasirika. Nimelifikiria jambo hilo mchana wote na bado sikasiriki. Kama ningekuwa Yoeli, ningefanya hivyo hivyo.

Maria alilia wakiagana. Gari lilipopotea kwenye kona, Ndeshi alifungua nyumba yetu, akafagia maranda, akabandika maharage.

Jumapili, 24 Machi

Nimekaa barazani kwangu, nimelifikiria jambo lote kwa utulivu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Watu wawili sokoni ni wachache. Uvumi unataka watu watano.

Leo baada ya ibada nimekutana na Lesikar, mfanyabiashara wa ngozi kutoka upande wa Terrat, anatafuta chumba cha kupanga. Nimempa chumba chetu cha nyuma. Ataingia kesho kutwa na ngozi zake zote. Nimemshika mkono, tumemaliza.

Limebaki jambo dogo tu. Chumbani humo anakaa mama mkwe, Bibi Marta, aliyeteremka kutoka mlimani kumlea mjukuu, na amesema hataondoka mpaka mtoto atembee. Mama mkwe haambiwi ondoka. Lakini nimeshaanza kuwadokeza watu kwamba kwenye kihamba chake, shamba lake la migomba kule juu, kuna mtu anakata mikungu ya ndizi kila siku. Wanne wameshajua. Natafuta wa tano.

Ndeshi sijamwambia. Akijua mapema anaweza kuuharibu mpango.