Betri Iliyofia Mikononi Mwangu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimezaliwa na bahati. Wengine wanaihangaikia, mimi inanibishia hodi. Leo imekuja na betri ya lithiamu, zawadi ya jirani anayehama, kwa kumbebea makochi tu! Nimeifunga kwenye kibasi changu cha kulala, sola juu ya paa. Mama mkwe hajaonana na dada yake miaka tisa. Safari ni siku mbili, na sindano zake za sukari hazitaki kutoka kwenye friji. Nimemwahidi: Jumamosi tunaondoka, dawa itakaa baridi mpaka iombe sweta. Kanibariki mara mbili. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme wa kujidai, kanuna.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeegesha chini ya kibanda cha mabati, rangi ya gari isipauke. Mke wangu akauliza jua litaifikiaje sola. Nikamweleza kwamba mwanga ni mwanga, hauchagui pa kuingia. Akaenda kuanika nguo juani. Nimemshinda kwa hoja.

Jumatano, 6 Agosti
Majaribio. Friji, feni, redio, taa zote sita. Majirani wakaja kushangaa. Nikawaambia huko duniani, nilikotembea mimi, watu wanaishi hivi. Katikati ya hotuba kila kitu kikazima. Pap!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepima betri: sifuri. Nimesogeza gari juani, sola inawaka. Sifuri. Nimeipiga makofi. Nimeinusa. Imekufa.
Lakini akili yangu haifi. Shemeji anaitolea macho tangu Jumatatu. Nikamwendea na uso wa huruma: sisi ni ndugu, chukua lithiamu, nipe ile betri yako ya maji, nzito, ya kiume. Hakuuliza swali hata moja. Nimecheka njia nzima.

Ijumaa, 8 Agosti
Hakuuliza kwa sababu alijua. Kumbe betri hizi zina kinga ndani. Zikiishiwa chaji zinajifunga zenyewe, ukipima unakuta sifuri, na sola peke yake haiziamshi. Yeye ana chaja ya lithiamu. Kaiamsha kwa dakika kumi, kisha kaianika kwenye sola kutwa nzima, juani. Imejaa. Kesho mama mkwe anasafiri na gari la shemeji.
"Haikufa, shemeji," akaniambia taratibu. "Ilikuwa inasubiri uniletee."

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi nikagundua shemeji hana friji. Nikaanza kufurahi. Mara mama mkwe akatoka, amevaa viatu vya kutokea, sindano amezifunga kwenye kitambaa kibichi. Furaha ikanikauka. Nikaifungua friji yangu, nikaibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la adui. Mama akanishika mkono.
"Moyo unao, mwanangu. Kichwa tutakuombea."
Wakaondoka, dawa ikiwa baridi.
Mchana nimepima betri ya maji. Imevimba, inavuja, haishiki chaji. Hii imekufa kweli. Nikampelekea kinyozi, nikamwambia imelala tu, tubadilishane na feni yake. Akasema shemeji alimletea betri hiyohiyo mwezi uliopita, na maneno hayohayo.
Kesho namjaribu fundi viatu. Yeye hasikii vizuri.
Ile bahati niliyoiandika Jumatatu ni uongo. Sina.