Daktari wa Injini na Mlima wa Golini

Randu alikuwa amejilaza juu ya pikipiki yake pale stejini Ukunda, kofia imemfunika uso, riziki ilipomjia kwa miguu miwili ndani ya viatu vya ngozi. Riziki hiyo iliitwa Bwana Kiilu. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni kule Diani, mtu wa bara aliyependa maisha, na mwili wake ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Niaje, daktari," alisema Kiilu. "Naskia we ndiye unajua nduthi zote za huku."

Randu akainua kofia polepole, kama daktari wa kweli anavyoinua macho kutoka kwenye faili. "Zote ni wagonjwa wangu, bosi. Unatafuta ipi?"

Kiilu alitaka pikipiki ya Kijapani ya zamani, tangi la chuma, taa ya mviringo, kama ile aliyokuwa nayo marehemu babake. Tayari alikuwa ameulizia kila kijiwe kuanzia Ukunda hadi Msambweni. Sharti lake lilikuwa moja: lazima impandishe mlima wa Golini hadi Kwale, yeye na mwili wake wote, bila kusimama.

"Ikifika juu na mimi nimekaa," alisema, "nakununulia nduthi mbili mpya za dukani, nailoni zikiwa bado kwa kiti."

Randu hakulala tena siku hiyo.

Sasa, kabla hatujaendelea, ni haki msomaji amjue daktari wetu. Randu hakuwa daktari, na hata ufundi wenyewe aliuonja tu, miezi michache, katika gereji moja ambako mwenye gereji na spana zake walikosana naye. Lakini alikuwa na kipimo cha kusikilizia moyo alichokinunua kwenye marundo ya mitumba, na shingoni kilimkaa vizuri kuliko tai. Mteja akileta pikipiki, Randu alichuchumaa, akaweka masikio kwenye injini, akafumba macho, akaguna. Huku mkono mmoja ukipima, mkono wa pili ulikuwa unasokomeza fumba la makumbi ya nazi ndani ya ekzosi. Injini ikikosa pa kutolea pumzi hukohoa. Mwenyewe akisikia kikohozi, moyo wake nao hukohoa. Randu angeuza "dawa," angelichomoa fumba mwenye mali akiwa dukani kununua soda, na pikipiki ingeondoka ikiwa nzima kama ilivyokuja. Kwa hesabu yake hakumwibia mtu. Alimponya mgonjwa, ila alianza kwa kumtia ugonjwa kwanza.

Haikupita juma ikatokea pikipiki yenyewe. Ilikuja kutoka upande wa Gazi, tangi la chuma, taa ya mviringo, nyuma imefungwa gunia la mihogo. Aliyeiendesha alikuwa mama wa makamo, leso kiunoni, kandambili miguuni. Akaizima mbele ya Randu, akafuta jasho.

"Shikamoo, mama," alisema Randu, macho yakiwa kwenye tangi.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Jumwa. Nimeambiwa hapa kuna daktari wa pikipiki. Hii ya marehemu mume wangu siku hizi naiona haina raha. Hebu niangalizie, kama haitakuwa taabu."

"Taabu gani, mama? Wewe ni mzazi wangu. Nipe kwanza nikaizungushe barabarani."

Akaizungusha. Kutoka Ukunda hadi ufukoni, barabara imelala bapa kama sinia la pilau, na pikipiki iliteleza juu yake bila hata kuguna. Randu akarudi akijiuma midomo asicheke. Alikwisha kuziona nduthi mbili mpya, nailoni na yote. Akachuchumaa, akavaa kipimo, akafumba macho. Mkono wa pili ukafanya kazi yake.

"Piga kiki, mama."

Jumwa akapiga kiki. Injini ikawaka, ikakohoa, ikatetemeka, ikazimika kama mzee aliyesinzia katikati ya hotuba.

"Yallah," alisema Jumwa. "Mbona imekuwa hivi?"

Randu akakivua kipimo polepole. Hapo ndipo wengine hutaka kulipwa. Yeye alitaka zaidi.

"Mama, sitaki kukuvunja moyo. Hii si ya kutengenezwa. Ni ya kuzikwa."

"Nami nategemea hiyo hiyo kupeleka mihogo."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Wacha tufanye hivi. Chukua yangu. Ya mwaka juzi, haijawahi kunilaza njiani. Mimi nitabaki na hii, niikate vyuma, nimuuzie mwenye kuyeyusha sufuria."

Jumwa akaitazama ile ya Randu, nyekundu, inang'aa, magurudumu mapya. Kisha akamtazama Randu. "Mwanangu, wewe una roho gani?"

"Nimelelewa hivyo," alisema Randu, naye karibu aamini.

"Basi tufanye kwa utaratibu. Watu wasije wakasema nimekuibia mtoto wa watu."

Utaratibu wenyewe ni huu. Pale stejini, mtu akiuza au akibadilisha pikipiki, kasoro zake zote hutajwa kwa sauti mbele ya mwenyekiti na waendeshaji waliopo. Kasoro iliyofichwa hurudisha mali kwa mwenyewe, hata kama ni baada ya mwezi. Kasoro iliyotajwa hairudishi kitu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shutu, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye alikuwa hasahau neno lililosemwa mbele yake, hasa likiwa halimhusu.

Watu wakakusanyika. Kwa upande wa pikipiki nyekundu, Randu alisema ina mkwaruzo kwenye kioo, basi. Ikafika zamu ya ile kuukuu.

"Mwenye mali taja kasoro zake," alisema Mzee Shutu.

Jumwa akaishika leso yake. "Mzee, mimi ni mwanamke wa kuuza mihogo, injini nitaijulia wapi? Daktari ameipima, yuko hapa. Atakayoyasema yeye, mimi nayakubali yote."

Ingelikuwa busara Randu aseme kidogo. Lakini alikuwa na kipimo shingoni na watu wapatao ishirini wakimsikiliza, na mtu wa namna yake hapewi vyote viwili akanyamaza. Akapanda juu ya kiti cha mbao cha mwenyekiti.

"Jamaa zangu, mnayoiona hapa ni maiti iliyosimama. Ringi zimekwisha. Pistoni inacheza ndani ya silinda kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake. Oili iliyomo imekuwa nzito kama uji wa mtama." Hapo Jumwa alishtuka kidogo, akashika kidevu. "Kwenye tambarare itakudanganya utadhani nzima. Lakini ipandishe Golini uone. Haifiki nusu. Itakulalia pale pale kwenye kona, na utaisukuma ukilia."

Watu wakapiga makofi. Hata Mzee Shutu alionekana kuguswa.

"Mama, umesikia kasoro za mali yako?"

"Nimesikia, mzee. Sina la kuongeza."

"Na wewe Randu, umezitaja zote hizo na bado unaitaka?"

"Naitaka hivyo hivyo ilivyo, mzee. Ni huruma tu."

Karatasi zikabadilishana mikono. Jumwa akafunga gunia lake kwenye ile nyekundu, akamwombea Randu maisha marefu, akaenda zake. Randu akangoja vumbi litulie, akaingiza kidole kwenye ekzosi, akachomoa fumba lake la makumbi, akalibusu. Mchana kutwa alisugua tangi kwa mchanga na ndimu hadi likaonyesha meno ya mtu. Kuipima tena hakuona haja. Nani atampima mgonjwa aliyemtia ugonjwa mwenyewe?

Kesho yake asubuhi walitoka Ukunda, Randu mbele, Bwana Kiilu nyuma, mikono yake imemzunguka daktari kama mkanda wa kiti cha ndege. Wakapita Tiwi, wakafika Kombani, wakakata kushoto kuelekea Kwale. Mpaka hapo mambo yalikuwa matamu. Kiilu alikuwa akiimba wimbo wa kwao.

Kisha barabara ikainua kichwa.

Mwanzo wa mlima pikipiki ilipunguza mwendo kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Randu akashusha gia. Ikapunguza tena. Akashusha ya mwisho, akazungusha mkono wa mafuta hadi ukagoma. Moshi wa buluu ukatoka nyuma, mwingi, mtu angedhani kuna mtu anachoma makumbi. Mbuzi mmoja kando ya njia aliwapita, akasimama, akawangoja. Walipofika kwenye kona, injini ilitoa mguno mmoja mzito, ikanyamaza.

"Daktari," alisema Kiilu, "wimbo sijamaliza."

"Ni plagi tu, bosi. Uchafu kidogo."

Akafungua plagi. Ilikuwa imelowa oili, nyeusi tititi. Akaipangusa, akairudisha, injini haikuitika. Akatazama bomba la mafuta: liko wazi. Akachungulia chujio la hewa: safi. Akapuliza kabureta hadi macho yakamtoka. Mwishowe alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afukuzwe gereji, kwa kuwa katika ulaghai halikumfaa kitu. Aliziba tundu la plagi kwa dole gumba, akapiga kiki. Injini yenye nguvu hukirusha kidole pembeni. Hii ilikipulizia tu, kwa upole, kama mama anayepoza uji wa mwanawe.

Randu akakaa chini kwenye majani. Ringi zilikuwa zimekwisha. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua. Iliyomo ilikuwa ya trekta, imening'inia kama asali, haikutaka hata kudondoka. Ilikuwa imetiwa makusudi, ili kule kwenye tambarare izibe moshi na kunyamazisha vyuma.

Maiti yake ya kubuni ilikuwa maiti kweli.

Wakati huo pikipiki nyekundu ilikuwa inapanda mlima, magunia mawili ya mihogo nyuma, haina hata wasiwasi. Ikasimama kando yao.

"Hamjambo, wanangu," alisema Jumwa. "Ah. Kumbe ni kwenye kona kweli, kama ulivyosema."

"Mama," alisema Randu. "Ulijua."

"Nilijua. Mimi napeleka mihogo Kwale, mwanangu. Mlima huu na mimi tumezoeana."

"Na Bwana Kiilu huyu alitangaza hadi Gazi. Mbona hukumletea mwenyewe?"

"Yeye alikuwa na mtihani wake wa Golini. Mtu mwenye mtihani huwezi kumuuzia kitu kibovu. Nikamtafuta asiye na mtihani. Ila kuna lile la kutaja kasoro mbele ya mwenyekiti, na kama ulimi wangu ungezitaja, ningebaki nayo milele. Ndipo nikasikia Ukunda kuna daktari ambaye kwake kila pikipiki inakufa. Nikasema, huyo atanisemea." Akapiga kiki. "Uliisema vizuri, tena. Hata ile ya oili. Hapo nusura nikimbie."

Akampa Kiilu nafasi juu ya magunia. Kiilu hakuhitaji kuombwa. Pikipiki nyekundu ikapanda nao wote hadi ikapotea juu, na wimbo ukamaliziwa huko.

Siku ya pili Randu alifika stejini miguu imevimba, akamwendea Mzee Shutu kulalamika. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamrudishia hotuba yake yote, neno kwa neno, kuanzia maiti iliyosimama hadi kusukuma ukilia, hata mikono akaitupa vile vile.

"Kuna kasoro yoyote iliyofichwa?" akauliza.

Randu akatafuta. Hakukuwa na hata moja.

Lakini balaa kubwa lilikuwa nyuma yake. Habari zilikuwa zimekwisha kusambaa: daktari alisema itafia Golini, kwenye kona, ikafia Golini, kwenye kona. Wenye pikipiki walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye kibanda cha viazi karai. Waliokuwa wakimwita mwongo walikuja na binamu zao. Kila mtu alitaka kuona mganga anavyofanya, na kila jicho lilikuwa juu ya mikono yake.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Jumwa, na pikipiki nyekundu.

"Niangalizie, daktari."

Randu akachuchumaa. Kiganjani alikuwa na fumba la makumbi, ekzosi ikamfungukia mbele yake kama mdomo wa kifaranga. Kusokomeza moja tu, kikohozi kimoja tu, aseme imekufa, na watu hawa sasa wangeamini hata akisema mwezi umekufa. Angembadilishia kwa ile kuukuu na mambo yakaisha. Akainua macho. Watu kama ishirini walikuwa wameinama pamoja naye, hawapepesi, wanajifunza.

Akafumba macho, akasikiliza. Injini aliyoizoea ilikuwa ikinguruma taratibu, imeshiba.

"Sema kwa sauti," alisema Mzee Shutu. "Kasoro zake."

"Nzima," alisema Randu.

"Rudia, wa nyuma hawakusikia."

"Nzima kabisa. Kioo tu kina mkwaruzo."

"Alhamdulillahi," alisema Jumwa. "Sasa imesemwa mbele ya mwenyekiti. Hakuna atakayeniambia vingine."

Akaondoka. Foleni ikasogea mbele hatua moja. Randu, kwa kukosa kitambaa, akajipangusa jasho usoni kwa fumba la makumbi.