Mimi, Virgil Hobbs, Kampuni

Jumatatu, 3 Machi
Baraza la mji leo. Goldcomb, kampuni ya kuku, wanataka kujenga machinjio upande wa juu wa kijito chetu. Damu na manyoya vishuke mpaka kwa kambare wangu! Miaka sitini navua pale. Mwananchi hupewa dakika tatu kusema. Nikaanza vizuri: jina langu, ukoo wangu, kambare niliyemvua mwaka wa mafuriko, uzito wake, alivyopigana. Bi Odom, karani, akapiga kengele. Nikamwambia kijito bado sijakifikia. Akasema kaa chini, mzee wangu, dakika zako ameshazila kambare. Goldcomb wakapewa dakika arobaini, na picha ukutani. Kura Jumatatu ijayo.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu Lyle, mjuaji asiyejua kitu, kasema nchi hii kampuni ni mtu mbele ya sheria, tena mtu mnene. Basi! Nimekwenda kujisajili. Hobbs Dunia Nzima. Rais: mimi. Makamu: mbwa wangu. Lyle kacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Kampuni huwalainisha wanasiasa kwa chakula. Nimemwalika diwani Purvis, nikamkaangia kambare. Sahani tatu! Akalamba vidole, akasema amenisikia kwa moyo wote. Akaomba tufanye haraka, ndege ya Goldcomb inamsubiri, wanampeleka Florida kucheza gofu. Nikamfungia kipande cha kula njiani. Huyu nimeshamtia kapuni.

Jumamosi, 8 Machi
Mtu wa Goldcomb kaja. Viatu safi, hajakanyaga tope tangu azaliwe. Kaniita Mheshimiwa Rais. Hata marehemu mke wangu hakuwahi! Anasema kampuni kubwa mbili kama zetu zishikane mikono. Kaleta karatasi, kurasa thelathini. Miwani sikuwa nayo, na kusoma si kazi ya rais. Nikatia saini kila alipoweka kidole. Wameniogopa, hao.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Odom kaniweka kwenye ratiba. Kampuni: dakika arobaini! Nikasimama, tai shingoni. Sijafungua kinywa, mwenye viatu safi akainuka. Akasema Hobbs Dunia Nzima ni mali ya Goldcomb tangu Jumamosi, inaunga mkono machinjio, na msemaji wake ni yeye. Nikapiga kelele kwamba basi niseme kama mwananchi. Bi Odom akafungua daftari, akasema babu wewe, zako tatu ulishazimaliza wiki iliyopita. Purvis ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Kura tano kwa sifuri.

Jumanne, 11 Machi
Wamezungushia kijito uzio. Kambare nawaona, siwafikii. Lyle kaja kunipa pole, huku mabega yanamtikisika. Eti wamekumeza bila kutafuna, mzee mwenzangu. Nimemjibu biashara haijui. Kosa langu lilikuwa moja tu: kampuni moja ni rahisi kununuliwa. Kesho nasajili saba!

Mwenye viatu safi kapiga simu sasa hivi, habari za hizo saba zimeshamfikia, anauliza nitafika ofisi ya usajili saa ngapi. Muungwana, anajali. Nimemwambia saa tatu asubuhi, na kalamu alete yeye.