Neno Lililomshinda Kamusi

Jumatatu, tarehe 6

Kaka ametutoka jana. Nimelia mpaka macho yamevimba. Leo kikao cha familia, sebuleni kwa Mama. Hoja: nani asome wasifu wa marehemu. Baba mdogo akampendekeza shemeji yetu, mume wa dada, mwalimu wa Kiingereza ambaye mtaa mzima unamwita Kamusi. Kamusi! Mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Mimi nimekuwa na Kaka katika duka lake la ushonaji tangu nimalize shule, nikipima wateja viuno. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba wasifu husomwa na damu. Nikaongeza kwamba Kamusi siku hizi ana kikohozi kibaya. Hana. Nimepewa mimi.

Jumanne, tarehe 7

Sasa watasema kazi kapewa mpima viuno. Lazima niwafunge midomo. Nimefungua duka, nikachukua lile kamusi nene la Kiingereza ambalo Kaka alilitumia kukandamizia kola. Kutwa nzima nimo humo. Lugha gani hii! Kuna neno la kumtupa mtu dirishani. Kuna neno la harufu ya mvua ikigusa udongo mkavu. Nikatafuta neno la mtu anayezungumza akiwa na pini mdomoni, kama Kaka. Halimo. Suruali yangu bado iko kwenye cherehani, mguu mmoja Kaka ameupinda, wa pili bado. Sikuigusa.

Nimechagua maneno ambayo Kamusi hajawahi kuyaota.

Alhamisi, tarehe 9

Tumemzika.

Nilisimama wima, suti imekaa. Nikatangaza kwamba marehemu alikuwa *taciturn*. Watu wote kimya. Nikadhani ni heshima. Kumbe Mama amemvuta Kamusi mkono, anamuuliza mwanawe anasemwaje. Baba mdogo akamwomba Kamusi atafsiri, wote wasikie. Basi mimi natupa jiwe, yeye anaokota embe. *Taciturn*: anasema hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama akaitikia, kweli. *Sedulous*: anasema hakujua kukaa bure. Kweli kabisa. *Munificent*: anasema alikuwa na mkono wazi, na watoto wangapi hapa wamevaa sare alizowashonea bure? Watu wakaangua kilio. Maneno yangu, machozi yake! Mama akamshukuru Kamusi mbele yangu.

Nikaruka mistari kadhaa, nikamshushia silaha yangu ya mwisho: *desiderium*. Kamusi akafungua mdomo, akaufunga. Halijui. Nilifurahi, nakiri, makaburini pale pale. Akaniomba kwa upole nieleze mwenyewe.

Mama akaniangalia. Watu wote wakaniangalia. Maana naijua, niliisoma mara nyingi jana: ni hamu chungu ya mtu uliyekuwa naye na hutampata tena. Maneno mepesi, mtoto mdogo angeyasema. Nikapekua karatasi zangu. Nikasema tuendelee ukurasa unaofuata. Hapakuwa na ukurasa unaofuata.

Jumamosi, tarehe 11

Dada hasemi nami. Kamusi kanipa mkono wa pole, wa kinafiki bila shaka, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

Mchana Mama alikuja dukani. Hajawahi kuja tangu msiba. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akapapasa cherehani, kisha akaniuliza lile neno la mwisho maana yake nini. Akasema yeye Kiingereza hakitaki, nimwambie tu kwa lugha yetu, kwani aliuona uso wangu na akajua ni neno la kweli. Tulikuwa wawili tu. Hakuna wa kucheka, hakuna wa kushindana naye.

Nikamwambia lile lilikuwa neno dogo, halimtoshi Kaka. Namtafutia kubwa zaidi, ampe muda kidogo tu mwanawe. Akanitazama sana. Akasema haya baba, atasubiri, lakini nisichelewe kwa kuwa na yeye umri umekwenda.

Katika lile kamusi nene nimeshafika herufi M.