Bustani ya Mvua Haipimwi kwa Paa

Kwa Bwana Mhandisi wa Maji ya Mvua,
Manispaa, mlango wa tatu.

Pokea salamu zangu za heshima na uchungu kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Juzi mpimaji wako alimwambia mke wangu tuchimbe bustani ya mvua, yaani bonde dogo la mimea la kunywa maji ya paa letu, yasimteremkie jirani wa chini, mwalimu mstaafu. Paa ni mita sabini na mbili za mraba, akasema, na bustani ni sehemu yake ya sita: mita kumi na mbili. Akachora mstari wa chokaa uani. Bwana wee, mstari umekata kibanda changu cha kushonea katikati! Nalalamika hivi:

1. Hupimwa mvaaji, si kabati lake. Bustani itavaliwa na mvua, sasa paa linapimwa la nini? Miaka ishirini na sita nashona, sijapata kumpima mteja kwa kupima nyumba yake. Mpimeni mvua mwenyewe, kifua na kiuno.

2. Mvua hana saizi moja. Leo mnene, kesho manyunyu. Nivunjiwe kibanda kwa ajili ya siku zake za unene? Wekeni lastiki.

3. Kama lazima paa lipimwe, basi nipunguze paa. Nikiezua chumba cha shemeji, ambaye haamki kabla ya saa sita mchana, bustani inapungua mita mbili. Nikiezua nyumba nzima, sehemu ya sita ya sifuri ni sifuri, na kibanda kimepona! Familia nitaishonea mwavuli mmoja mpana. Mke wangu amenijibu nihamie huko huko kibandani, nami nimelichukua hilo kuwa ni kuniunga mkono.

4. Mwalimu namheshimu mno, ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la tano. Lakini maji hufuata mkondo. Tena ndoo anayo.

Naomba basi mstari ufutwe, na bustani iwe ya ukubwa wa karai.

Wasalimie wote ofisini, hasa mlinzi wa getini. Mwambie suruali yake ni ya kesho.

Wako mtiifu,
Fundi Njoo-Kesho

Nyongeza: Mvua imenyesha kabla sijapata bahasha. Maji yamefika kitandani kwa mwalimu, naye kahamia kwetu. Pa kumweka palikuwa kibandani tu. Ameketi kwenye kiti changu, kashika kalamu nyekundu. Barua hii ameipa mbili juu ya ishirini, na kola tatu amezifumua zirudiwe. Kisha akaniambia kwa upole kwamba yale maji yalikuwa ya paa langu. Loo, heri angenichapa. Anasema atarudi kwake siku maji yatakapokoma kumfikia. Bwana Mhandisi, mita kumi na mbili hazitoshi, weka ishirini. Kibanda nitakivunja mwenyewe, akinyanyuka tu.