Waraka wa Furaha ya Hisabati

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka uliopigwa mhuri mara mbili ili kuondoa shaka, kwamba somo la Hisabati lingeanza kufurahisha kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, katika shule zote za msingi za Nyanda za Juu Kusini. Shule ambazo zingekuwa hazijapokea waraka zilielekezwa ziendelee kuliona somo hilo gumu mpaka zitakapopata nakala.

Mwenye waraka alikuwa Bwana Liberatus, Kaimu Mratibu wa Furaha ya Hisabati wa Kanda, mwenye ofisi yake Iringa mjini, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na choo. Katika cheo hicho neno zito lilikuwa Kaimu. Alikuwa amekaimu muda mrefu mpaka majirani wageni wakadhani ndilo jina lake la ubatizo. Kiti cha kuzunguka cha Mratibu kilikuwepo mle ofisini, kimefunikwa nailoni, lakini utaratibu ulikuwa wazi: hicho ni cha aliyethibitishwa. Kaimu alikalia kiti cha plastiki pembeni yake. Kila asubuhi alikifuta vumbi kile kiti kingine, na kusema kweli alikipenda.

"Baba Kasian," mkewe Bertha alimwambia siku moja alipompelekea chakula, "si ukikalie tu? Nani anakuona?"

"Mama Kasian, kiti kina taratibu zake."

"Haya. Endelea na plastiki yako."

Furaha yenyewe haikuanzia Iringa. Ilianzia Ilomba, Mbeya, katika darasa la nne la Mwalimu Naima, ambaye alikuwa na tabia ya kumalizia kipindi cha Hisabati kwa vitendawili vya hesabu. Watoto walitegana wao kwa wao. Aliyeshindwa alitoa mji, kama ilivyo desturi. Mwenye kitendawili aliukataa au aliupokea, na akiupokea alilitangazia darasa mambo aliyoyafanya huko, ndipo alipotoa jibu. Watoto waliozoea kuruka dirishani kipindi cha Hisabati kikianza sasa walikuwa wanapitia dirisha lilelile kuwahi kuingia. Kengele ya mapumziko ikilia, walimwomba mwalimu asiisikie.

Habari hizo zilipofika Iringa, Bwana Liberatus alisikitika sana. Watoto walikuwa wanafurahi bila mratibu.

Akaunda kamati. Kamati ilikaa Iringa kutambua tatizo, ikahamia Mbeya kulitazama kwa ukaribu, ikarudi Iringa kupumzika na kuandika maazimio. Iliazimia kwamba kicheko cha mwanafunzi kisizidi urefu wa swali. Iliazimia pia kwamba kila kitendawili kipitishwe na kamati, na majibu yagawiwe kwa wanafunzi wiki moja kabla, ili asiwepo mtoto atakayeshtukizwa na furaha hajajiandaa.

Suala la miji ndilo lililowatoa jasho. Mjumbe aliyewahi kufanya kazi idara ya ardhi alihoji inakuwaje mtoto wa darasa la nne agawe mji ambao haujafanyiwa hata tathmini. Mwingine akauliza Mbeya itatolewaje, maana ni jiji, na desturi inasema mji. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Bwana Liberatus akaandika kifungu kwa mkono wake mwenyewe: mwanafunzi atatoa kitongoji tu, mji utatolewa na mtumishi wa ngazi ya kaimu na kuendelea, na mji ukishatolewa na kupokelewa, umekwenda pamoja na vyote vilivyomo. Aliposoma kwa sauti, wajumbe waligonga meza.

Mwalimu Naima alipopata nakala yake alipiga simu.

"Samahani, Bwana Liberatus. Wakishakaa na jibu wiki nzima, siku ya siku watacheka nini?"

"Watacheka kwa mujibu wa waraka, Mwalimu."

"Na wasipocheka?"

"Utatuandikia sababu."

Basi furaha ikaratibiwa. Pale Ilomba watoto walitega kilichopitishwa, wakajibu kilichogawiwa, wakacheka kwa kiwango kilichoelekezwa, na dirisha likarudi kuwa la kutokea. Blessing, binti mmoja mwembamba wa Mbalizi aliyekuwa mkali wa kutega kuliko wote, alinyoosha kidole na kuuliza kama na leo ni kilekile cha jana. Mwalimu Naima akamwambia ndiyo, mwanangu, ni kilekile, akageukia ubao kwa sababu alitaka kulia. Ofisi ya Iringa iliripoti kwamba nidhamu imepanda.

Ripoti hiyo ilisomwa huko juu, na simu ikapigwa kutoka juu. Aliyepiga alikuwa Mkurugenzi Mkuu, Daktari Anania, mtu ambaye kalamu yake ndiyo iliyowathibitisha makaimu wote. Alitaka kuiona furaha kwa macho yake.

"Nikiridhika, Liberatus, nakuthibitisha palepale darasani. Sina maneno mengi."

Bwana Liberatus alipokata simu alisimama katikati ya ofisi, akakitazama kile kiti, akakigusa nailoni. Siku hiyo alikifuta vumbi mara mbili. Bertha hakusubiri, alikwenda sokoni akanunua mto wa kuegemea, wa rangi inayoendana na kiti.

Siku ya ziara darasa lilipambwa bendera na mabango. Daktari Anania aliingia na ujumbe wake wa wataalamu na mpiga picha. Watoto wakasimama.

"Shikamoo, mgeni rasmi!"

"Marahaba. Kaeni, kaeni. Haya, nifurahisheni."

Mtoto aliyepangwa akasimama kutega kitendawili kilichopitishwa. Hajafika nusu, darasa zima likajibu, likacheka, likanyamaza. Wataalamu walipiga makofi na mmoja akasifu kasi. Bwana Liberatus aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu Makambako.

Lakini Daktari Anania alikuwa amekunja uso. "Hiki wanakijua," akasema. "Nitegeni mimi. Kipya."

"Mheshimiwa," Bwana Liberatus akanong'ona, "kipya hakijapita kwenye kamati."

"Kamati ni nani? Si mimi?"

Darasa likaamka. Mikono ikapanda mpaka viti vikagongana. Mwalimu Naima, ambaye hakuwa ameulizwa kitu tangu asubuhi, akamwonesha Blessing kwa kidole.

"Kitendawili!"

"Tega!" darasa likapokea, bila kibali.

"Fundi ana gogo moja refu. Anataka kulikata apate vipande vitano. Kila akikata mara moja anatumia dakika mbili. Atamaliza kwa dakika ngapi?"

Daktari Anania hakufikiri, maana mtu wa cheo chake hafikirii mbele za watu. "Vipande vitano, dakika mbilimbili. Kumi!"

Ujumbe ukapiga makofi. Mtaalamu mmoja akaingiza tano mara mbili kwenye kikokotoo, kikokotoo nacho kikakubaliana na Mkurugenzi Mkuu.

"Sio," akasema Blessing.

Makofi yakafa moja moja.

Bwana Liberatus alijua jibu. Alizaliwa Mafinga, baba yake akipasua mbao, na utoto wake wote ulipita kwenye vumbi la msumeno. Kipande cha mwisho hakikatwi na mtu, kinabaki chenyewe. Mikato minne, dakika nane. Jibu lilimjia lenyewe, tamu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuratibu furaha ya Hisabati, akaifurahia Hisabati. Mdomo ukafunguka kabisa. Ndipo akakumbuka kwamba bosi amesema kumi, na hajawahi kusikia mtumishi aliyethibitishwa kwa kumsahihisha mwenye kalamu. Akaimeza nane yake.

"Mheshimiwa ametoa makadirio ya kitaalamu," akasema.

"Makadirio tumesoma," Blessing akajibu kwa adabu. "Ila huyu fundi anakata kabisa."

"Mji!" sauti ikatoka nyuma. Punde darasa zima likashika: "Mji! Mji! Mji!"

Daktari Anania akamgeukia Bwana Liberatus. "Kaimu, shughulikia hilo."

Kwa mujibu wa kifungu alichokiandika mwenyewe, Bwana Liberatus akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nakupa Mbalizi."

"Mbalizi ndiyo kwetu, utanipaje? Nimeukataa."

"Tunduma."

"Malori matupu. Nimeukataa."

"Makambako."

"Huko upepo unapeperusha hata mbuzi!"

Watoto walikuwa wanagongana mabega kwa kicheko. Mwalimu Naima alikuwa ameuma pindo la ushungi wake, mabega yanamtikisika.

"Ilula," akasema Bwana Liberatus, jasho likimtoka. "Nyanya kila mahali, utakula mpaka uchoke."

Blessing akaonekana kuutamani kidogo. Kisha akamtazama vizuri. "Kwani wewe umetokea mji gani?"

"Iringa."

"Basi nipe huohuo."

Bwana Liberatus akamwinamia mkubwa wake. "Mheshimiwa, Iringa ndipo ilipo ofisi yangu. Kifungu kinasema pamoja na vyote vilivyomo."

"Mpe, bwana, tumalize. Picha zinapigwa."

"Nakupa Iringa," akasema, akipapasa mfuko wenye funguo za ofisi kana kwamba mji unatoka kweli.

"Nimeupokea!" Blessing akapanda juu ya benchi. "Basi nikaenda Iringa. Nimefika stendi, wananisalimia kwa Kihehe, kamwene, kamwene, wamenipokea wote. Nikala viazi, nikashushia na chai. Nikasema nipelekeni ofisi ya furaha. Nimefika, nikakuta watu wamenuna! Nikakalia kiti kikubwa kuliko vyote, nikakizungusha, nikawaambia nyie wote mrudi darasa la nne, mkaanze na kujumlisha!"

Darasa lilipasuka. Kicheko hicho kilizidi urefu wa swali, kikazidi urefu wa waraka wenyewe. Wataalamu walicheka wakijifanya wanakohoa. Daktari Anania alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Bwana Liberatus peke yake hakucheka, kwa sababu kile kiti alikuwa anakiona kinavyozunguka.

Mkurugenzi Mkuu akavaa miwani yake, uso ukarudi kazini.

"Liberatus, nilikuja kukuthibitisha. Na fomu ninayo kwenye gari. Lakini nitamthibitishaje mtu anayekwamishwa na hesabu ya darasa la nne, halafu anagawa mji wenye ofisi ya serikali mbele ya kamera? Umenichemkia, bwana. Na huo ukaimu nao nitautazama upya."

Iliuma. Iliuma kuliko miaka yote ya kiti cha plastiki, maana jibu lilikuwa bado limemkaa kooni, na alikuwa amelimeza kwa ajili ya mtu huyuhuyu.

"Samahani, mgeni rasmi," Blessing akasema kutoka juu ya benchi. "Bado wewe."

"Bado mimi nini?"

"Kumi umesema wewe. Huyu ametoa wa kwake. Wa kwako bado, na jibu halitoki kabla yake."

Daktari Anania akacheka kidogo, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Mwalimu Naima aliachia pindo la ushungi.

"Ndiyo desturi, Mheshimiwa," akasema kwa upole. "Kila aliyeshindwa na mji wake. Na waraka unaruhusu: kaimu na kuendelea. Wewe ni kuendelea."

"Makao makuu!" watoto wakaanza, wakipiga madawati. "Makao makuu! Makao makuu!"

Mpiga picha akasogea karibu. Daktari Anania alipeleka mkono kwenye tai, akaivuta kidogo. Mtoto huyu angefika makao makuu, angekalia nini, angekuta watu wamefanya nini? Yote hayo yangekuwa kwenye kamera. Akamsogelea Bwana Liberatus, akainamisha kichwa mpaka miwani ikamteleza puani.

"Wewe. Hili jibu unalijua?"

"Nalijua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipojibu, Mheshimiwa."

"Sasa si uninong'oneze! Haraka. Na ile fomu, mbona ipo tu kwenye gari, kalamu hii hapa. Nitasaini sasa hivi, mbele ya watu. Ni ngapi?"

Bwana Liberatus akaitazama ile kalamu. Akaufikiria mto wa Bertha. Halafu akawatazama watoto, wameegemea mbele wote, hakuna anayetazama dirisha, wanasubiri kama watu wanaosubiri bao, na akajikuta naye anataka kusikia huko makao makuu Blessing atakuta nini.

Akaenda kwenye dawati la mbele, akamwomba Blessing asogee kidogo, akakaa, magoti yamemfika kifuani.

"Mheshimiwa," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "toa mji."