Shimizi Yangu Juu ya Mtende wa Watu

Leo nimeadhirika, na mashahidi wote walikuwa na kanzu nyeupe na vilemba.

Mnaonijua mnajua nina ugonjwa wa hali ya hewa. Wenzangu hapa mjini Ibra wakipumzika hukaanga sambusa, mimi hupima upepo. Muda mrefu nimekuwa nikitengeneza puto la kupeleka kipimajoto na kamera angani. (Kibali nimechukua. Msianze.) Vyombo nimevitia ndani ya boksi jeupe jepesi, lile la kuwekea samaki na barafu. Na simu yangu humo humo, ili simu ya dada yangu Rukia ituonyeshe boksi lilipo. Nje, kila upande, nimeandika kwa herufi kubwa: "Mali ya Zuwena. Ukiokota, tafadhali piga." Halafu nambari ya mume wangu, maana yangu nisingeweza kuipokea.

Likabaki parashuti. Puto likishapasuka huko juu, boksi lazima lishuke taratibu, lisimwangukie mtu kichwani. Nilitaka kitambaa kikubwa, chepesi, cha kushika upepo. Nyumba nzima kilikuwepo kimoja tu: shimizi yangu ya hariri, rangi ya waridi, niliyoshonewa wakati nina mwili. Nikaziba shingo na mikono, nikafunga kamba kwenye pindo. Lesi nikaiacha. (Ilikuwa lesi nzuri.)

Sasa, leo ndiyo siku wanaume wa kwetu walikwenda mji wa pili, Al Qabil, kumposea mwanangu Salim. Mume wangu alikuwa anafunga kilemba akaniona nakokota mtungi wa gesi.

"Leo pia?"

"Upepo mzuri. Utalipeleka jangwani, hakuna watu."

"Zuwena, leo tutulie."

"Nyinyi tulieni. Mimi sijaalikwa."

Walipoondoka nikalirusha puto. Likapanda vizuri mpaka nikatokwa na machozi. Rukia akalisomea dua. Likawa kama punje ya mtama, likapotea. Tukaingia garini kulifuata, mimi naendesha, Rukia kashika simu. Kwa muda mrefu simu haikuonyesha kitu. Halafu ikaonyesha.

"Limeshuka," Rukia akasema. "Puto limepasuka mapema."

"Jangwani?"

"Al Qabil."

Al Qabil ni kubwa, nikajiambia. Ina mashamba mengi.

Shamba tulilolikuta lina mitende mirefu na mzee mmoja anatazama juu. Boksi limenasa kwenye makuti. Juu yake shimizi imejaa upepo, imevimba, utadhani nimo ndani. Mzee ana simu mkononi, sauti ameifungulia yote. Kabla sijamwamkia nikamsikia mume wangu. (Masikio yake mazito kidogo, kwa hivyo naye simu huifungulia sauti popote alipo.)

"Naam, nani mwenzangu?"

"Mie Khalfan, mwenye shamba. Wewe ndiye Zuwena?"

"Hapana. Mimi mumewe."

"Afadhali. Basi yakhe, nguo ya ndani ya mkeo iko juu ya mtende wangu."

Nikasikia kikombe cha kahawa kinawekwa chini.

"Nini ya mke wangu?" mume wangu akauliza.

Mzee Khalfan akarudia, polepole, kwa sauti kubwa zaidi. Akaitaja na rangi.

"Ina lesi," akamalizia.

Hapo ikaingia sauti nyingine, nzito, ya upole. "Khalfan, mtende upi? Huo wa nyuma ya kwangu? Ngoja, tunakuja na ngazi."

Huyo alikuwa Sheikh Hamed. Baba wa binti.

Niligeuka nimwombe Rukia tukimbie. Rukia alishaingia garini na amejifungia.

Wakaja. Mbele Sheikh Hamed, nyuma yake ndugu zake na shemeji zangu wamebeba ngazi, majambia viunoni. Salim anatazama viatu vyake. Mwisho kabisa mume wangu. Wakajipanga chini ya mtende, wakatazama juu. Upepo ukavuma, shimizi ikawapungia.

"Shikamoo," nikasema. Sijui nilikuwa namwambia nani.

"Marahaba," Sheikh Hamed akajibu. "Wewe ndiye mama wa kijana?"

"Ndiye mimi. Lile ni parashuti."

"Naam," akasema, kwa sauti ambayo watu huitumia kwa wagonjwa.

Salim akapanda na nguo zake za posa. Alipoiteremsha, baba yake akaikunja kwa makini, akaitia ndani ya joho lake, kifuani, nao wakarudi kumalizia kahawa, shimizi ingali humo humo.

Basi nawaomba msicheke. Kipimajoto kimevunjika, na mume wangu ananijibu kwa kichwa tu. Posa imekubaliwa papo hapo, bila maswali. Nadhani walitaka tuondoke kabla hakijaanguka kitu kingine.